Kidonge cha Tatu

Cha kwanza kilikuwa moto.
Saa tisa za usiku, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nami nimesimama nje na gauni la kulalia,
mvuke ukinitoka mabegani kama farasi aliyetoka kuvuta magogo.
Ülo akachungulia dirishani: "Virve, majirani!"
Nikamjibu majirani wamelala na theluji haina macho.
Miaka miwili niliumeza moto ule
kwa glasi ya maziwa, bila kukosa,
kwa kuwa titi la kushoto lilikwisha kulipa
na sikutaka deni lihamie kwingine.

Kisha wakapima kizazi, wakakuta ukuta umenenepa.
Daktari Saarniit akageuza skrini nione:
"Tubadilishe. Hedhi imekwisha koma, hiki cha pili kitakufaa."
Nikafurahi kama mtu anayehama nyumba inayovuja.
Sikuuliza hiyo mpya inavuja wapi.

Cha pili kilikuja kimya.
Wiki ya sita, asubuhi,
nikashindwa kuufungua mkono wangu mwenyewe.
Vidole vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kitu
akakataa kunyang'anywa.
Kidole gumba kinalia ta! kama kitasa.
Mimi,
niliyeivisha glavu nusu ya Võru,
niliyezijua sindano tano gizani,
nikamwomba mume anifungulie chupa ya matango.
Akafungua. Hakusema kitu.
Kesho yake nikakuta vifuniko vyote vya kabatini vimelegezwa,
hata cha jamu ambayo hatuli.

Mficha maradhi, basi, ni mimi.
Mbele ya daktari nilisema "sijambo kabisa"
huku nimeikalia mikono yangu,
nikiogopa kuonekana sina shukrani ya kuwa hai.
Siku moja nikakitoa kidonge kwenye karatasi yake,
nikakiweka sahanini, nikakitazama.
Kidogo kuliko dengu.
Nisipokimeza, nani atajua?

Nilimpigia simu muuguzi Triinu.
Hakunikemea. Aliuliza kama karani wa forodha:
dakika ngapi hadi vidole vilegee?
Magoti je? Usingizi? Unalia?
"Andika," akasema, "hata ya aibu."
Nikaandika kwenye kalenda ya duka la mbolea,
chini ya picha za matrekta:
Jumanne, dakika arobaini.
Jumatano, hamsini. Nimelia kwa ajili ya kifungo.
Alhamisi, kule chini pamekauka, panauma;
Ülo kageukia ukuta wake, nami wangu.
Ijumaa, nimetembea hadi ziwani na kurudi. Thelathini.

Daktari akaisoma yote, hata Alhamisi.
Ya Alhamisi akaiandikia dawa yake, bila kunitazama usoni,
nami nikamshukuru kwa kutonitazama.
"Wiki tatu usimeze kitu. Kisha tujaribu cha tatu.
Ila usiache kimyakimya, Virve. Tuache pamoja."

Wiki tatu!
Siku ya kumi na moja kidole gumba kikanyamaza.
Siku ya kumi na tano nikachukua uzi wa kijivu,
nikaanza shingo ya glavu.
Lakini usiku nilijipapasa kwapani,
nikiusikiliza mwili
kama mwenye duka aliyempa mlinzi likizo.

Cha tatu nakimeza baada ya kula,
juu ya mkate mweusi na siagi.
Sikisifu. Joto limerudi, dogo,
lile la kufungua kifungo kimoja tu.
Magoti yananung'unika ngazini,
usingizi ni wa viraka.
Ila asubuhi ni dakika kumi na mbili,
mikono ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu,
redio ikisoma habari za hali ya hewa.

Jumamosi Ülo aliwasha sauna.
Nilikaa benchi la chini, karibu na mlango.
"Hilo jasho," akauliza, "ni la mawe au lako?"
Nikamwambia ngoja kwanza,
nami nasubiri kujua.

Glavu ya kushoto imekwisha.
Ya kulia ina vidole vitatu.